Nanoemulsheni imekubali, dawa haifiki kwenye damu: jinsi ya kutafuta kasoro

Kila anayejaribu kuyageuza manjano kuwa dawa hukwama mahali palepale. Kurkumini, kiini kinachoyapa rangi yake, hata ikimezwa gramu 2 kwa mkupuo huonekana kidogo mno kwenye damu, mara nyingi chini ya uwezo wa kipimo. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa famasia na kemia wanaikimbilia nanoemulsheni: matone ya mafuta yenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 200, yaliyotawanywa ndani ya maji na kubeba dawa. Mwongozo huu ni wa yule ambaye ameshaitengeneza na kazi imegoma. Mfano mkuu ni kurkumini, kwa kuwa inaonyesha karibu kila kasoro. Karafuu na artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea, nitazigusa pale zinapofundisha kitu ambacho manjano hayafundishi.

Kabla ya kubadilisha fomula, ujue dawa inapotelea wapi

Dawa inayomezwa hukutana na vizuizi vitatu. Kwanza ni lazima iyeyuke kwenye majimaji ya utumbo ikiwa bado nzima, kisha ipenye ukuta. Pili, ndani ya seli za ukuta huo kuna vimeng'enya vinavyoibadilisha na pampu zinazoirudisha ilikotoka. Tatu, damu inayotoka kwenye utumbo hupitia ini kwanza, na ini nalo huchukua fungu lake. Sehemu inayosalimika katika kila hatua huzidishwa na ya hatua inayofuata.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Asilimia 10 ya dawa inapenya, nusu yake inasalimika ukutani, nusu ya iliyobaki inasalimika kwenye ini: 0.1 × 0.5 × 0.5 = 0.025, yaani asilimia 2.5. Ukipandisha upenyaji hadi asilimia 80 unapata asilimia 20, ongezeko la mara nane. Sasa chukua dawa nyingine ambayo upenyaji wake ulikuwa asilimia 80 tangu mwanzo, ila ini linaondoa asilimia 95 ya kinacholifikia. Hapo unaweza kuyapunguza matone hadi nanomita 20 na damu isione tofauti yoyote ya maana.

Nanoemulsheni hutibu hasa kizuizi cha kwanza. Ukiwa na dawa isiyopenda mafuta, huna sababu ya kuianza kazi hii: glukosinolati za mlonge huyeyuka kwenye maji, na beberini, yenye chaji ya umeme, haipendi kupenya utando wa seli, na ile kidogo inayopenya husukumwa nje na pampu iitwayo P-gp. Inaniuma kuona fedha chache za utafiti zikimalizikia kwenye dawa ambayo mtu angeweza kuiondoa kwenye orodha kwa kupima umumunyifu wake tu.

Fanya pia hesabu ya dozi mapema. Tuseme mafuta yako yanayeyusha miligramu 5 za kurkumini kwa kila mililita, na dozi unayoitaka ni miligramu 500. Unahitaji mililita 100 za mafuta kwa dozi moja. Hakuna homojenaiza, yaani mashine ya kupasua matone, itakayoiponya hesabu hiyo. Ama utafute mafuta au kiyeyushi kingine, ama ushushe dozi, ama ukubali kwamba sehemu ya dawa itakaa kwenye ngozi ya tone pamoja na safaktanti, yaani kile kiungo kama Tween 80 au lesithini kinachokaa mpakani mwa mafuta na maji na kuyazuia matone yasiungane.

Dalili: matone ni makubwa tangu siku ya kwanza

Sababu ninayoianza nayo daima ni uhaba wa safaktanti, kwa kuwa kuikagua kunahitaji kalamu tu. Mililita 1 ya mafuta ikigawanywa kuwa matone ya nanomita 100 inapata eneo la mita za mraba 60. Safaktanti ndogondogo kwa kawaida huhitaji kama miligramu 1 hadi 2 kufunika mita moja ya mraba. Kwa hiyo chini ya miligramu 60 hadi 120 kwa kila mililita ya mafuta, matone unayoyapasua yanaungana tena papo hapo, na kuongeza shinikizo au dakika za mashine ni kuchoma umeme bure.

Kama safaktanti inatosha, angalia nguvu ya kupasua. Tone linavyokuwa dogo ndivyo linavyozidi kukataa kupasuka: lenye nusukipenyo cha nanomita 50 na mvutano wa uso wa milinyutoni 5 kwa mita hujikaza kwa shinikizo la ziada la karibu angahewa 2. Kisu cha kuchanganyia hakifiki huko. Homojenaiza ya shinikizo kubwa inafika, na kijiti cha mawimbi ya sauti ya kilohezi 20 kinafika pia kwa ujazo mdogo. Ukitumia kijiti, weka bika kwenye barafu na upige kwa vipindi, maana joto linaharibu kurkumini na pia linayafanya matone yaungane. Kumbuka kwamba ncha ya titani hulika taratibu na kuacha vumbi la chuma ndani ya sampuli, hivyo pitisha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi ili vitu vizito vitue chini, kabla ya kuipa seli au mnyama.

Mafuta mazito yenye mnato mkubwa, kama ya mbarika, hupasuka kwa shida. Mafuta yenye minyororo ya kati, yanayotengenezwa kutokana na nazi au kokwa za michikichi, hupasuka kwa urahisi zaidi.

Dalili: mashine inasema nanomita 90, macho yanaona utando wa mafuta

Amini macho. Mashine ya DLS, inayopima matone kwa jinsi yanavyotawanya mwanga, haiyaoni matone yaliyokwishapanda juu, na makubwa kupita kiasi hayamo kabisa kwenye uwezo wake. Kwa upande mwingine, mwanga unaotawanywa na matone madogo hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo, kwa hiyo matone makubwa machache yanaweza kuufunika umma wa madogo. Namba moja ya wastani haikuelezi hali ipi kati ya hizo unayo. Tazama mgawanyo wote, angalia kama kipimo cha mtawanyiko wa ukubwa (PDI) kiko chini ya 0.2 au kimezidi, kisha weka tone moja chini ya darubini ya kawaida. Chochote kinachoonekana vizuri pale ni zaidi ya nusu maikromita, nacho hakikutakiwa kuwepo.

Kosa jingine la kimyakimya ni mnato ulioandikwa kwenye programu. Maji kwa 25°C yana milipaskali-sekunde 0.89. Kama uliyeyusha gliseroli ndani na ukaacha programu iamini ni maji matupu, matone yataonekana makubwa kuliko yalivyo. Na kwa sababu rangi ya manjano inaficha uwazi wa mchanganyiko, tengeneza daima chupa ya pili isiyo na kurkumini. Hiyo ndiyo inayokuonyesha kama ni angavu au ina ukungu mweupe.

Dalili: imetengana baada ya siku au wiki

Nanoemulsheni haiko kwenye utulivu wa kudumu. Imecheleweshwa tu kurudi kwenye mafuta na maji. Swali ni njia ipi imepita kurudi huko, na kuna nne.

Ya kwanza unaijua jikoni: tui la nazi likiachwa usiku kucha, zito linapanda juu na maji yanabaki chini. Tikisa taratibu. Ikirudi kama ilivyokuwa na ukubwa wa matone haujabadilika, ni kupanda tu, na dawa haijapotea. Kwa matone ya chini ya nanomita 100 jambo hili huwa la polepole sana, hivyo likitokea haraka jua kuna kundi la matone makubwa ambalo DLS haikukuambia.

Ya pili ni kushikana bila kuungana. Punguza sampuli kwa maji yenye safaktanti kidogo na upime tena. Yaliyoshikana tu yataachana. Chanzo huwa chumvi, pH, au safaktanti iliyozidi kwenye maji na kuyasukuma matone yakusanyike. Kama ulitumia lesithini au kaseini (protini ya maziwa), ambazo huyalinda matone kwa chaji, maji ya kisima ya pwani yenye chumvi na kalsiamu yanatosha kuivunja kazi nzuri. Tumia maji yaliyokenekwa. Tween 80 haitegemei chaji, kwa hiyo usishtuke ukipima chaji ya uso na kuikuta karibu na sifuri. Ile kanuni ya kutaka chaji ya uso ifike milivolti 30 inahusu matone yanayolindwa na chaji.

Ya tatu ni kuungana kabisa: matone yanakutana, ngozi inapasuka, yanakuwa moja. Mara nyingi ni joto. Safaktanti zisizo na chaji hupoteza upendo wao kwa maji kadiri joto linavyopanda, na zipo fomula zinazokaa vizuri maabara yenye kiyoyozi halafu zinavunjika ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam. Jaribu chupa zako kwa 30°C na 40°C tangu wiki ya kwanza, usingoje mwisho wa utafiti.

Ya nne ndiyo inayowasumbua wanaofanya kazi na mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba. Hapa matone hayagusani kabisa. Molekuli za mafuta zinayeyuka kutoka kwenye matone madogo, zinasafiri kupitia maji na kuingia kwenye makubwa, na hivyo madogo yanaisha na makubwa yananenepa. Wanasayansi huuita ukuaji wa Ostwald. Eujenoli ya karafuu huyeyuka kwenye maji kwa zaidi ya gramu 2 kwa lita, kiasi kikubwa kwa kitu kinachoitwa mafuta, ndiyo maana inakua haraka. Kuitambua, chora nusukipenyo kwa kipeo cha tatu dhidi ya muda. Ukipata mstari ulionyooka, umempata mhusika. Kuongeza Tween hakusaidii, na safaktanti iliyozidi inaweza hata kuibeba eujenoli kutoka tone hadi tone. Dawa yake ni kuchanganya mafuta ya karafuu na mafuta ya mahindi au alizeti kabla ya kupasua. Mafuta hayo marefu hayayeyuki kwenye maji, hayawezi kuhama, na kubaki kwao kunazuia tone lisinyauke.

Dalili: fuwele za njano chini ya chupa

Umepakia kupita kiasi. Mara nyingi kurkumini iliyeyushwa kwenye mafuta ya moto, ikakubali, kisha mafuta yalipopoa ikawa imezidi kiwango cha kushiba. Fuwele hazitoki siku hiyo. Zinaweza kuchukua wiki. Mimi hubaki chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kushiba, nacho nakipima kwenye joto la chini kabisa ambalo chupa itakutana nalo. Usiku wa Njombe si sawa na mchana wa Tanga.

Hapo hapo kumbuka kwamba mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya takriban 24°C. Mafuta yakiganda ndani ya tone, fuwele zake zinaweza kutoboa ngozi na kuyaunganisha matone, na pia kuisukuma dawa nje.

Usipime dawa kwenye chupa iliyotikiswa ukasema yote imo ndani ya matone. Zungusha kwa sentrifuji, chukua sehemu ya juu, pima kwa HPLC (mashine inayotenganisha viungo vya sampuli na kupima kiasi cha kila kimoja), linganisha na jumla.

Dalili: rangi inageuka, au harufu ya mafuta yaliyochacha

Njano ikielekea wekundu, pima pH kwanza. Kurkumini ni dhaifu sana kwenye pH ya kawaida ya damu: katika bufa ya pH 7.2 isiyo na protini, majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha karibu asilimia 90 inaharibika ndani ya nusu saa. Ndani ya tone la mafuta inalindwa, lakini ile iliyo kwenye ngozi ya tone haipati ulinzi huo wote. Weka pH kati ya 4 na 5, tumia chupa za kahawia, na mwanga wa jua usiifikie.

Kuchacha kunatoka kwenye mafuta yenyewe au kwenye Tween 80, ambayo ikikaa muda mrefu imefunguliwa hutengeneza peroksaidi. Nunua chombo kidogo, funga kwa naitrojeni ukiweza, ongeza vitamini E. Kuhusu ukungu na bakteria, usitegemee parabeni, kihifadhi cha kawaida, ukiwa na Tween nyingi. Sehemu kubwa ya parabeni huzama ndani ya safaktanti na kuyaacha maji bila ulinzi. Sorbati ya potasiamu hufanya kazi vizuri kwenye pH ya chini uliyokwishaichagua kwa ajili ya kurkumini.

Dalili: chupani ni imara, tumboni inavunjika

Jaribio la mmeng'enyo nje ya mwili lifanyike kabla ya mnyama yeyote. Utaratibu wa INFOGEST, unaofuatwa na maabara nyingi duniani, unakaa saa 2 kwenye pH 3 pamoja na pepsini na saa 2 kwenye pH 7 pamoja na nyongo na vimeng'enya vya kongosho. Emulsheni iliyolindwa kwa kaseini hushikana ikipita karibu na pH 4.6, na pepsini huila kaseini yenyewe. Iliyolindwa kwa Tween hupita tumbo kwa utulivu.

Lakini kuvunjika kwenye utumbo mwembamba si ajali. Ndilo jambo tunalolitaka. Lipesi, kimeng'enya cha mafuta, ikate mafuta, asidi za mafuta na nyongo zitengeneze miseli, yaani vifurushi vidogo mno vinavyobeba dawa ndani ya maji, na miseli hizo ndizo zipeleke dawa hadi kwenye ukuta. Kwa hiyo usipime ukubwa wa matone baada ya mmeng'enyo. Pima ni kiasi gani cha dawa kimebaki kwenye sehemu angavu baada ya kuzungusha kwa kasi, na ni kiasi gani kimeanguka chini kama fuwele. Fomula mbili zenye nanomita 90 zinaweza kutofautiana kabisa hapa, na tofauti hiyo ina uzito kuliko ile ya nanomita 90 na 60.

Kama dawa inaanguka, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukiwa umetumia ethanoli au kiyeyushi kingine kinachopenda maji, kitaondoka mara tu dozi inapokutana na majimaji ya tumbo, na dawa iliyokuwa imekishikilia itabaki bila makao. Kipunguze, au ongeza polima kama HPMC inayochelewesha fuwele kuanza. Pili ni aina ya mafuta. Yale ya minyororo ya kati yanamalizwa haraka na lipesi, lakini miseli zake ni ndogo. Kwa molekuli ndefu kama beta-karotini, mafuta marefu ya mahindi yameonekana kuibeba vizuri zaidi sana. Mafuta marefu pia hufungashwa ndani ya seli za utumbo na kusafiri kwa njia ya limfu, yakilikwepa ini katika safari ya kwanza, lakini njia hiyo huzifaa hasa dawa zinazopenda mafuta kupita kiasi, zenye logP, kipimo cha jinsi dawa inavyopenda mafuta kuliko maji, inayozidi 5. Kurkumini iko karibu na 3. Anayeandika kwamba nanoemulsheni yake ya kurkumini inafanya kazi kwa kupitia limfu anapaswa kuwa ameipima limfu.

Safaktanti ikiwa nyingi mno inaweza kuziba uso wa tone hata lipesi isipate pa kukaa. Mtu anaona emulsheni imara ajabu, wakati uimara huo ndio unaozuia dawa isitoke.

Hapa tujifunze kutoka kwa siklosporini, ingawa inatokana na kuvu wala si mmea. Sandimmune ya awali ilikuwa dawa iliyoyeyushwa kwenye mafuta, na kufyonzwa kwake kulitegemea sana nyongo na chakula cha mgonjwa. Neoral, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hujitawanya yenyewe kuwa matone madogo mno inapokutana na majimaji ya tumbo, na kiwango kwenye damu kikawa cha kutabirika zaidi. Faida kubwa ya njia hii mara nyingi ni huko kutabirika, mgonjwa kwa mgonjwa, siku kwa siku. Pima mtawanyiko wa matokeo yako pamoja na wastani wake.

Dalili: kwenye seli za Caco-2 dawa inapita kwa wingi usioaminika

Caco-2 ni seli za binadamu zinazooteshwa maabara kuwa tabaka linaloiga ukuta wa utumbo. Huenda safaktanti imeziumiza seli. Pima ukinzani wa umeme wa tabaka kabla na baada, pitisha alama isiyopenya kama njano ya Lucifer, na weka kundi linalopewa emulsheni isiyo na dawa. Ukinzani ukishuka na alama ikapita, umetoboa ukuta, hujaboresha ufyonzwaji.

Dalili: damu ya panya ina dawa nyingi, lakini ugonjwa hauoni tofauti

Hapa ndipo makala nyingi za kurkumini zinapopoteza maana, na ningeomba msomaji atumie muda wake mwingi hapa kuliko kwenye homojenaiza.

Anza na namna ya kupima. Utumbo na ini huibandika kurkumini asidi ya glukuroni au salfeti, na dawa iliyobandikwa hivyo hubadilika tabia na kuondoka. Maabara nyingi hutia kimeng'enya cha glukuronidase kwenye plazma kabla ya kupima. Kimeng'enya hicho hukata kilichobandikwa na kuirudisha kurkumini, kisha HPLC inasoma jumla yote kama kurkumini. Ukiona ongezeko la mara 30 au 100, uliza kwanza: sampuli ilitiwa kimeng'enya? Ongezeko la jumla linathibitisha kwamba dawa ilipenya ukuta, yaani kizuizi cha kwanza kimevukwa. Halisemi lolote kuhusu kurkumini huru iliyofika kwenye kiungo kinachotibiwa. Gawa kila sampuli mara mbili, nusu itiwe kimeng'enya na nusu isitiwe, na uripoti zote. Kama kurkumini huru haijapanda huku iliyobandikwa imepanda sana, tatizo lako limehamia kwenye kizuizi cha pili na cha tatu, na matone madogo zaidi hayatalitatua.

Kisha angalia ulilinganisha na nini. Unga wa kurkumini uliotikiswa kwenye maji ni mpinzani dhaifu ambaye karibu kila kitu kitamshinda. Weka kundi linalopewa kurkumini iliyoyeyushwa kwenye mafuta yaleyale bila kupasuliwa, na kundi linalopewa dawa pamoja na safaktanti bila mafuta. Kwenye majaribio ya binadamu weka pia kundi linalomeza dawa kavu pamoja na chakula chenye mafuta. Dawa mseto ya malaria, ALu, inatuonyesha kwa nini. Lumefantrini yake, ambayo imetengenezwa maabara, hufyonzwa vizuri zaidi sana ikimezwa na mafuta, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba mililita 36 za maziwa ya soya, zenye mafuta gramu 1.2, zinatosha kufikia asilimia 90 ya faida hiyo. Mgonjwa wa Kigoma anaweza kupata maziwa. Fomula yako ikishindwa kuyapita, mpe yeye maziwa.

Mnyama naye ana lake. Panya wa maabara wa aina ya rat hana kibofu cha nyongo. Nyongo yake inadondoka muda wote, hata akiwa na njaa. Binadamu mwenye njaa ana nyongo kidogo kwenye utumbo mpaka ale. Kwa hiyo tofauti kati ya kushiba na njaa, ambayo kwa mgonjwa inaweza kuwa kubwa, kwa panya huyo inafichika.

Na mwisho, usikimbilie kipimo cha seli kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walichapisha kwenye Journal of Medicinal Chemistry tathmini iliyoonyesha kwamba kurkumini huvuruga vipimo vingi: inang'aa yenyewe, inashika metali, inaharibika na kutoa vitu vingine vyenye kuathiri seli. Kisima kinachobadilika rangi si ushahidi wa tiba.

Mtu anapopendekeza kuongeza pilipili manga

Pendekezo hili lina msingi. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiasi kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2000. Kwa panya ongezeko lilikuwa asilimia 154 tu. Piperini inafanya hivyo kwa kupunguza kasi ya ubandikaji wa asidi ya glukuroni, na pia inazuia kimeng'enya cha CYP3A4 na pampu ya P-gp. Yaani inagusa vizuizi vya pili na vya tatu, ambavyo nanoemulsheni haivigusi vya kutosha.

Hatari iko palepale kwenye faida. CYP3A4 na P-gp ndizo zinazoondoa dawa nyingine nyingi mwilini, zikiwemo baadhi ya ARV, na piperini imeonekana kupandisha viwango vya phenytoin na propranolol kwenye damu. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini uliripoti wagonjwa 10 walioumia ini kutokana na bidhaa za manjano, na baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa na pilipili manga. Kuongeza ufyonzwaji ni kuongeza dozi. Usalama wa manjano kwenye pilau hauthibitishi usalama wa kurkumini iliyofungwa ndani ya matone ya nanomita 50 pamoja na piperini, na mlaji wa kiungo siye mlaji wa dawa. Ningeiweka piperini kama jaribio la uchunguzi: ikipandisha kurkumini huru pale ambapo kupunguza matone hakukufanya kitu, umejua kizuizi kiko wapi. Kuiweka kwenye chupa itakayouzwa ni uamuzi mwingine, unaohitaji kwanza kupima mwingiliano wa dawa na kupata kibali cha kamati ya maadili.

Dalili: siku ya kwanza kiwango ni kizuri, siku ya saba kimeshuka

Emulsheni ikiwa ileile na matone hayajakua, usiishuku. Artemisinini, iliyopatikana na Tu Youyou na wenzake huko China mwaka 1972 kutoka kwenye Artemisia annua, huuchochea mwili utengeneze zaidi vimeng'enya vinavyoiharibu, hasa CYP2B6. Dozi za siku za mwanzo zinafungua njia ya kuziondoa zinazofuata. Hilo limeonekana kwa binadamu, na nanoemulsheni hailizuii.

Kulithibitisha, acha mnyama au mtu apumzike wiki mbili, kisha rudia dozi moja ya chupa ileile. Kiwango kikirudi kama cha siku ya kwanza, ni vimeng'enya. Kisiporudi, rudi kwenye chupa: pima kwa HPLC kiasi cha dawa kilichobaki kwenye sehemu ya juu baada ya sentrifuji, na ulinganishe na siku uliyoitengeneza.